Kalooli wa Bwaise: Ndege mla taka na mzunguko ambao mji umeukata

Mvua kubwa inaponyesha Kampala, Bwaise hugeuka bakuli. Maji huteremka kutoka vilima vya jirani, Makerere na Mulago vikiwamo, yakajikusanya katika bonde hili la tarafa ya Kawempe, yakafurika mitaro na kuingia majumbani. Yanapopungua huacha tope jeusi, maganda ya matoke, mifuko ya plastiki na harufu nzito. Hapo ndipo aghalabu anapotokea ndege mrefu mwenye kipara, anayetembea polepole kando ya mtaro kama mzee anayekwenda barazani. Ndiye kalooli.

Wakazi wengi hawampendi. Sura yake haipendezi, kinyesi chake huchafua mapaa na magari, na mahali anapotua panahesabiwa kuwa pachafu. Wanaikolojia, hata hivyo, humtazama kwa jicho jingine. Kwao, kalooli ni mmoja wa wapagazi wa asili: huchukua virutubishi vilivyolala ndani ya mzoga au utumbo uliotupwa, akavirudisha katika udongo, majani na maji.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo inafanyikaje, inaishia wapi, na kwa nini jambo la ndege huyu linagusa moja kwa moja afya ya watu wa Bwaise.

Ndege gani huyu?

Kalooli ni jina analoitwa kwa Kiganda, nalo limezoeleka hata midomoni mwa wasemaji wa Kiswahili waishio Kampala. Katika Kiswahili sanifu huitwa korongo mfuko-shingo, au kwa kifupi marabu. Ni wa jamii ya korongo. Akisimama hufikia kimo cha mita 1.5, uzito wake waweza kufika kilo 9, na mabawa yake yakikunjuliwa huzidi mita 2.5 kutoka ncha hadi ncha. Ni miongoni mwa ndege wakubwa kabisa wanaoruka barani Afrika.

Mambo matatu katika umbile lake humshangaza mtazamaji, na kila moja lina sababu. Kwanza ni kichwa na shingo visivyo na manyoya. Ndege anayeingiza kichwa ndani ya mzoga angeganda damu na uchafu manyoyani, na asingeweza kujisafisha kwa urahisi. Pili ni mfuko mwekundu unaoning'inia shingoni. Wengi hudhani ni ghala la chakula, kumbe ndani yake mna hewa, na ndege huutumia kujionyesha kwa wenzake. Tatu ni miguu inayoonekana meupe. Kwa asili miguu hiyo ni ya rangi ya kijivu iliyokolea. Weupe ule ni kinyesi chake mwenyewe, ambacho hujimwagia miguuni ili kikikauka kimpunguzie joto.

Weupe huo wa kinyesi cha ndege ndio mlango wa habari yetu. Hutokana na asidi ya uriki, ambayo imebeba naitrojeni kwa wingi. Ndani ya kinyesi hicho mna pia fosforasi na kalsiamu. Kwa lugha ya mkulima, hiyo ni mbolea.

Virutubishi huzungukaje?

Miili ya viumbe vyote, kuanzia unyasi hadi mwanadamu, imejengwa kwa elementi zilezile: kaboni, naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu na nyingine chache. Dunia haipokei shehena mpya ya vitu hivi kila mwaka. Vilivyopo ndivyo hivyo hivyo, vinavyopita kutoka mwili mmoja hadi mwingine tangu enzi na enzi. Fosforasi iliyomo leo katika mfupa wa mtoto wa Bwaise ilikuwa jana katika mgomba, maharagwe au samaki, na kabla ya hapo katika udongo na mwamba.

Kila elementi ina njia yake. Naitrojeni imejaa hewani, ambako ni zaidi ya robo tatu ya hewa tunayovuta. Lakini mimea haiwezi kuitwaa moja kwa moja kutoka hewani. Huhitaji bakteria wa kuigeuza, wakiwamo wale wanaoishi katika mizizi ya maharagwe na karanga. Fosforasi haina njia ya hewani kabisa. Hutoka katika miamba kidogo kidogo, huingia katika udongo, na ikisombwa na mto hadi vilindi vya ziwa, yaweza kukaa humo muda mrefu mno kabla ya kurudi nchi kavu.

Kwa hiyo asili inawahitaji watendaji wa namna mbili. Wa kwanza ni waozeshaji, yaani bakteria, kuvu, funza na minyoo, ambao huvunjavunja kilichokufa hadi kiwe chembe ambazo mizizi yaweza kuzinyonya. Wa pili ni wabebaji, yaani wanyama wanaokula mahali pamoja na kunya mahali pengine. Hao ndio wanaoweza kupandisha virutubishi mlimani, kuvitoa majini na kuvipeleka nchi kavu, kinyume cha mkondo wa maji.

Ndege wala mizoga hufanya kazi zote mbili kwa mpigo. Tumbo lao lenye asidi kali humaliza kwa saa chache kile ambacho kingeoza kwa majuma, na mabawa yao hukitawanya mbali. Kalooli hana mdomo uliopinda wa kurarua ngozi ngumu kama wa tumbusi. Mara nyingi husubiri tumbusi apasue mzoga, kisha huchomoa au kunyang'anya vipande. Lakini hategemei mizoga peke yake. Hula samaki waliokwama katika madimbwi yanayokauka, vyura, panya, nzige na kumbikumbi, na hufuata moto wa nyika ili kuokota wadudu wanaoukimbia. Wakati wa kulea makinda huhitaji sana nyama, samaki na mifupa, kwa sababu kinda anayejenga mwili haraka hawezi kuishi bila kalsiamu.

Somo la Mto Mara

Ili kuiona kazi hii katika hali ya asili, twende mbali kidogo na Kampala, hadi Mto Mara unaotoka Kenya, ukapita Tanzania na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Kila mwaka makundi makubwa ya nyumbu huuvuka katika safari yao ya kufuata malisho, na wengi hufa maji.

Mwaka 2017, Amanda Subalusky na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa miaka kadhaa kuhusu vifo hivyo. Walikadiria kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 huzama kila mwaka, wenye jumla ya uzito wa tani 1,100 hivi. Nyama laini huoza au kuliwa kati ya majuma 2 na 10. Mifupa huchukua takriban miaka 7 kuyeyuka, ikiachilia fosforasi majini pole pole. Mizoga inapokuwapo mtoni, sehemu kubwa ya chakula cha samaki wa kawaida wa mto huo hutokana nayo.

Na ndege je? Kalooli na tumbusi hukusanyika kwa mamia katika vivuko hivyo. Hata hivyo, watafiti walikadiria kwamba sehemu wanayokula haifiki 1 kati ya 10 ya virutubishi vya mizoga hiyo. Iliyobaki huenda kwa samaki, mamba, funza, bakteria na mkondo wenyewe.

Hapa pana mafunzo mawili tutakayoyahitaji tukirudi Bwaise. La kwanza ni kwamba sehemu ya ndege, ingawa ndogo, ni ya pekee. Mkondo wa mto hupeleka kila kitu chini, kuelekea ziwani. Ndege huinua sehemu ya utajiri huo na kuirudisha kwenye miti ya nchi kavu wanamolala na kuzaliana. La pili ni kwamba ndege hatoshi peke yake. Mzunguko husimama kwa sababu samaki, funza, bakteria, mifupa na wakati vyote vina nafasi ya kufanya kazi. Ukiziba nafasi hizo, hakuna ndege atakayeziba pengo.

Jinsi alivyoingia mjini

Kalooli si mgeni wa jana katika miji ya Uganda. Mwaka 1975 mwanasayansi Derek Pomeroy, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi Chuo Kikuu cha Makerere, alichapisha katika jarida la ndege liitwalo Ibis utafiti kuhusu ndege wanaoishi kwa taka nchini Uganda. Wakati ule tayari kalooli, tumbusi, mwewe na kunguru walikuwa wasafishaji wa majaa na vichinjio. Miaka ile ya 1970 huduma za mji zilidorora, taka zikabaki mitaani, na ndege hawa wakapata meza iliyoandikwa kila siku.

Uhusiano huo umebadili hata kalenda yao. Utafiti wa Pomeroy na mwenzake uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kalooli wa Kampala huanza kuzaliana takriban miezi minne mapema. Porini, wakati wa kutaga hutegemea ukame, maana madimbwi yanapokauka samaki na vyura hupatikana kwa urahisi na mizoga huwa mingi. Mjini, jaa la taka halijui kiangazi wala masika.

Kwa mkazi wa Bwaise, mahali pa karibu pa kuliona jambo hili ni Soko la Kalerwe na mitaro inayopita jirani yake. Kila siku malori hushusha matoke, mihogo, nyanya, kabichi na samaki. Kila siku pia hubaki maganda, majani, magamba ya samaki, matumbo ya kuku na mabaki ya buchani. Kalooli hashughuliki na maganda ya matoke. Huchagua nyama, mifupa na samaki, yaani vile vitu ambavyo vikiachwa juani huoza upesi zaidi, hunuka zaidi, na huvuta nzi, panya na mbwa wasio na wenyewe. Sehemu yake ni ndogo kwa uzito, lakini si ndogo kwa madhara inayoyaondoa.

Bwaise, mahali virutubishi vinapokwama

Tulisema kwamba katika asili virutubishi huzunguka. Sasa tutazame safari ya mkungu mmoja wa matoke. Umekuzwa, mathalani, Masaka au Mbarara, ambako mgomba umenyonya potasiamu, naitrojeni na fosforasi ya shamba lile. Unapakiwa lorini, unauzwa Kalerwe na kupikwa Bwaise. Maganda huishia kwenye lundo kando ya njia, na kilicholiwa huishia chooni. Hakuna lori linalorudisha kitu shambani. Mwaka baada ya mwaka shamba linafukarika, na bonde la Bwaise linajaa.

Ndivyo inavyowezekana mkulima kulalamika kwamba ardhi imechoka, huku umbali wa kilomita mia na zaidi virutubishi vya ardhi ileile vikiwa vimegeuka kero. Fosforasi ya shambani na fosforasi ya mtaroni ni kitu kimoja. Kilichobadilika ni mahali.

Bwaise inadhurika zaidi kwa sababu ya umbile lake. Ni ardhi iliyokuwa kinamasi, na maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na uso. Choo cha shimo hakiwezi kuchimbwa kwa kina, ndiyo maana vyoo vingi vimejengwa juu ya ngazi, vikiwa vimeinuliwa kutoka ardhini. Mafuriko yakija, kilichomo huchanganyika na maji yanayoingia vyumbani.

Mwaka 2007 na 2008, Robinah Kulabako wa Chuo Kikuu cha Makerere na watafiti wenzake walichapisha uchunguzi wa maji ya chini ya ardhi katika eneo la Bwaise III. Walikuta maji hayo yamechafuliwa kwa bakteria wanaotokana na kinyesi na kwa misombo ya naitrojeni, na walifuatilia pia jinsi fosforasi inavyosafiri ndani ya udongo. Hili si jambo la maabara tu. Bado wako watu wanaochota maji ya chemchemi katika mabonde ya Kampala, hasa bili ya bomba inapowashinda. Maji yenye bakteria wa kinyesi huleta kuhara na homa ya matumbo. Naitrojeni ikizidi katika maji ya kunywa, ikiwa katika umbo la naitreti, huhatarisha watoto wachanga, kwa sababu hupunguza uwezo wa damu yao kubeba oksijeni.

Kutoka Bwaise, mtaro mkubwa wa Nsooba hupeleka maji katika ardhioevu ya Lubigi. Huko mafunjo hufanya kazi kubwa bila malipo: hupunguza kasi ya maji, huzuia tope, na hunyonya naitrojeni na fosforasi ili kujenga mashina yake marefu. Kisha maji huendelea hadi Mto Mayanja, yakaingia Kafu, na mwishowe Nile. Upande wa pili wa jiji, mtaro wa Nakivubo huelekea Ziwa Viktoria, katika ghuba ileile ambayo mji huchota maji yake ya kunywa. Ziwa linapolishwa virutubishi kupita kiasi, mwani na magugu-maji hustawi. Vinapokufa na kuoza hutumia oksijeni iliyomo majini, na samaki hukosa pumzi.

Ardhioevu ya Lubigi imepunguzwa na nyumba, mashamba ya magimbi, udongo wa kujazia, na Barabara ya Mzunguko ya Kaskazini iliyopita katika bonde hilo. Mwaka 2024 Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA, iliwaondoa watu waliokuwa wamejenga ndani yake. Kwa familia zilizopoteza makazi, lilikuwa pigo kubwa. Kwa upande wa maji, kila ekari ya mafunjo inayopotea ni kichujio kilichoondolewa, na gharama yake huwapata kwanza watu maskini wanaoishi bondeni.

Je, kalooli aweza kutusafishia mji?

Wapo wanaomwita kalooli mfanyakazi wa jiji asiye na mshahara. Sifa hiyo ina ukweli, lakini isituhadae. Tufanye hesabu ya kukadiria tu. Jiji la Kampala limekuwa likitajwa kuzalisha takriban tani 2,500 za taka kwa siku. Tuseme, kwa ukarimu, kwamba kuna kalooli 3,000 jijini na kila mmoja anameza kilo 1 kamili ya taka kila siku. Wote kwa pamoja wangeondoa tani 3. Hiyo haifiki sehemu 1 kati ya 800.

Zaidi ya robo tatu ya taka za Kampala ni vitu vinavyooza, hasa maganda na mabaki ya mimea, ambayo kalooli hayagusi. Hizo ni taka ambazo katika kijiji zingetupwa chini ya mgomba na kusahaulika kwa heri. Mjini zinafungwa ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, pamoja na chupa, nepi na betri. Bakteria hawawezi kuufungua mfuko huo, funza hawaufikii, na mizizi haipati kitu. Mfuko ukisombwa na mvua, huziba mtaro, na mafuriko yanayofuata hupanda juu zaidi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2019 inakataza mifuko myembamba isiyofikia unene wa maikroni 30, lakini mitaro ya Bwaise inaonyesha umbali uliopo kati ya sheria na utekelezaji.

Matokeo ya kulimbikiza kila kitu mahali pamoja yalionekana kwa uchungu Kiteezi, kaskazini mwa jiji. Jaa hilo lilifunguliwa mwaka 1996 na likaendelea kupokea taka hata baada ya kujaa. Tarehe 10 Agosti 2024, kufuatia mvua kubwa, mlima ule wa taka uliporomoka na kuzifunika nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha.

Kiteezi ni mfano wa mzunguko uliokatwa. Maganda yaliyofukiwa bila hewa hayaozi kama yanavyooza shambani. Bakteria wasiohitaji oksijeni huyageuza kuwa methani, gesi inayoweza kuwaka na inayochangia joto la dunia, huku maji machafu yenye virutubishi na sumu yakichuruzika bondeni. Kalooli walikuwapo Kiteezi kwa wingi, wakichambua juu juu. Kilichokuwa chini hawakuweza kukifikia.

Afukuzwe?

Zipo sababu za haki za kumlalamikia ndege huyu. Kinyesi chake kikizidi mahali pamoja huunguza majani na hata kudhoofisha mti alioufanya makazi. Ndege anayetembea juu ya taka huweza kubeba vijidudu miguuni na kinyesini. Kwa hiyo ni busara kufunika chakula na vyombo vya maji, kutowaacha watoto wacheze chini ya viota vyake, na kunawa mikono baada ya kusafisha kinyesi chake.

Lakini kumuua au kumtilia sumu ni jambo jingine, na historia ya karibuni inatuonya. Nchini India, katika miaka ya 1990, tumbusi walikufa kwa mamilioni baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa iitwayo diklofenaki. Mizoga ikabaki, mbwa wakaongezeka, maji yakachafuka. Utafiti wa Eyal Frank na Anant Sudarshan uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba kupotea kwa ndege hao kulihusiana na vifo vya ziada vya watu wapatao 500,000 katika muda wa miaka mitano, kati ya 2000 na 2005.

Afrika nayo ina jeraha lake. Tumbusi mdogo, ambaye zamani alikuwa jambo la kawaida katika vichinjio vya Kampala, sasa amewekwa na Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, katika kundi la ndege walio katika hatari kubwa sana ya kutoweka. Sumu ni miongoni mwa sababu kuu za kupungua kwa tumbusi barani. Kalooli hajafika huko, idadi yake bado ni nzuri. Iwapo siku moja atapungua Kampala kwa sababu jiji limekuwa safi, ndege mwenyewe atarudi kwenye madimbwi, mito na nyika alikotoka. Akipungua kwa sumu huku taka zikibaki, nafasi yake itachukuliwa na panya, mbwa na nzi.

Kuuunga mzunguko upya

Ikiwa kasoro ni kwamba virutubishi vimekwama, dawa ni kuvirudisha safarini. Baadhi ya njia hizo zimeshaanza karibu kabisa na Bwaise. Maganda ya matoke hukusanywa na kuuzwa kama chakula cha ng'ombe, mbuzi na nguruwe, nao hutoa maziwa, nyama na samadi. Wapo wanaochanganya maganda makavu na vumbi la makaa kutengeneza makaa ya kubumba. Wapo wanaofuga funza wa nzi mweusi, ambao hula mabaki ya chakula kwa kasi ya ajabu, kisha funza hao wakawa chakula cha kuku na samaki. Funza huyo anafanya katika pipa kazi ileile ambayo funza wa Mto Mara wanaifanya ndani ya mzoga wa nyumbu.

Hata kinyesi cha binadamu kina njia ya kurudi. Mwaka 2014 Shirika la Taifa la Maji na Majitaka lilianza kutumia mtambo wa Lubigi, ambako magari ya kunyonya vyoo hupeleka shehena zao. Majitaka husafishwa, tope hukaushwa, na tope lililokauka huuzwa kwa wakulima ili kurutubisha udongo. Kwa namna hiyo sehemu ya potasiamu na fosforasi iliyoletwa na matoke huweza kurudi shambani. Tatizo ni kwamba gari haliwezi kupita katika vichochoro vyembamba, na gharama ya kunyonya choo ni mzigo kwa mpangaji wa chumba kimoja. Hapo ndipo serikali ya jiji, wenye nyumba na wapangaji wanapaswa kukutana, kwa kuwa choo kilichofurika hakichagui mlango wa mwenye nyumba wala wa mpangaji.

Nyumbani, hatua ya kwanza ni ndogo na haina gharama kubwa, nayo ni kutenganisha. Ndoo moja ya maganda na mabaki ya chakula, nyingine ya plastiki na vitu visivyooza. Maganda yaliyotenganishwa yana mnunuzi au mfugaji wa kuyachukua, au hugeuka mboji ya kupandia sukuma wiki katika gunia mbele ya nyumba. Yaliyochanganywa na plastiki hayana wa kuyataka.

Kampala hupata misimu miwili ya mvua, wa Machi hadi Mei na ule wa miezi ya mwisho ya mwaka. Kila msimu maji yatashuka kutoka vilimani hadi Bwaise kama yalivyoshuka siku zote, na kalooli atasimama kando ya mtaro kuchagua kilicho chake. Kilichobaki baada ya yeye kushiba, yaani takriban chote, ni kazi yetu. Mfuko wa maganda uliotolewa mtaroni kabla ya mvua unapunguza mafuriko ya jirani wa chini, na ukimfikia mkulima au mfugaji unarudisha kidogo katika ardhi inayotulisha.